Daftari linaloua bidhaa: Biashara ya seva za siri chini ya sheria za kumbukumbu

Kila mfanyabiashara anaufahamu msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ipo hata hivyo biashara moja ambayo imeupindua msemo huo. Katika biashara hiyo, daftari ndilo linalopoteza mali.

Ni biashara ya seva zinazoficha utambulisho wa watumiaji wa intaneti. Mteja hulipa ada ya mwezi au ya mwaka ili shughuli zake mtandaoni zisiweze kufuatwa hadi mlangoni kwake. Anachonunua hasa ni kutokuwepo kwa kumbukumbu.

Serikali inapopitisha sheria ya kuitaka kampuni ya namna hiyo itunze kumbukumbu za wateja wake, bidhaa hubadilika siku hiyo hiyo, hata kama jina, bei na tangazo vimebaki vile vile.

Jambo hili linawagusa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mfanyabiashara anayetumia huduma hiyo kulinda mipango yake ya bei, zabuni na mawasiliano. Wa pili ni mwekezaji anayeshawishika kununua hisa za kampuni zinazoiuza.

WAKALA ASIYETAJA TAJIRI

Kila simu au kompyuta inayoingia kwenye intaneti hupewa anwani ya namba. Tovuti inayotembelewa huiona anwani hiyo. Kampuni ya simu, kwa upande wake, inajua anwani hiyo alipewa mteja yupi na saa ngapi. Taarifa hizo mbili zikikutanishwa, mtu anajulikana.

Seva ya kuficha utambulisho hukaa katikati. Hupokea ombi la mteja na kulipeleka mbele kwa anwani yake yenyewe. Ni sawa na wakala anayetumwa mnadani na tajiri asiyetaka kuonekana: muuzaji humwona wakala tu.

Ziko namna mbili kuu za kuendesha kazi hiyo. Namna ya kwanza ni ya wakala mmoja, ambayo wengi huijua kwa jina la VPN. Hapa kampuni moja inaweza kuona mteja anatoka wapi na anakwenda wapi. Usalama wote unategemea kama kampuni hiyo inaandika au haiandiki.

Namna ya pili ni ya mnyororo wa vituo. Programu iliyo kwenye kompyuta ya mteja huufunga ujumbe kwa tabaka kadhaa za siri, na kila kituo hufungua tabaka moja tu. Kituo cha kwanza kinamjua mteja lakini hakijui aendako. Cha mwisho kinajua aendako lakini hakimjui mteja. Mtandao wa Tor, unaoendeshwa na watu wa kujitolea katika nchi nyingi, kwa kawaida hupitisha ujumbe katika vituo 3.

Wateja ni wa kila aina. Wamo waandishi wa habari, wanasheria, wasafiri wanaotumia mtandao wa hoteli, na kampuni zinazochunguza bei za washindani bila kutaka kutambuliwa. Wamo pia matapeli na wezi.

Kwa sababu hiyo hoja ya polisi si ya kupuuzwa. Katika makosa mengi ya mtandaoni anwani ya namba ndiyo alama pekee inayobaki, na kampuni ikiwa imefuta kumbukumbu zake upelelezi unakwama.

FUNZO LA FINLAND

Thamani ya daftari ilionekana mapema. Mwaka 1993 Johan Helsingius alianzisha nchini Finland seva iliyoitwa anon.penet.fi. Ilipokea barua za kompyuta, ikaondoa jina la mwandishi na kuweka jina la bandia, kisha ikazituma.

Ili majibu yaweze kumrudia mwandishi, seva ilibidi itunze orodha ya majina ya bandia na anwani za kweli. Orodha hiyo ilikuwa moja, mahali pamoja.

Februari 1995 polisi walifika na hati ya upekuzi kufuatia malalamiko ya kanisa la Scientology. Helsingius alitoa jina moja ili kuokoa orodha nzima. Agosti 1996, baada ya mahakama ya Helsinki kuamuru atoe taarifa nyingine, aliifunga huduma hiyo. Wakati huo ilikuwa na watumiaji zaidi ya laki 5.

Hakukuwa na sheria iliyomlazimisha kuweka orodha. Huduma yenyewe ndiyo iliyohitaji. Waliofuata walijenga mitambo isiyohitaji orodha kabisa, na hapo ndipo sheria za kuhifadhi kumbukumbu zilipokuja kuwakuta.

UJERUMANI YATUNGA SHERIA

Baada ya mashambulizi ya mabomu ya Madrid mwaka 2004 na London mwaka 2005, Umoja wa Ulaya ulitoa agizo la tarehe 15 Machi 2006. Nchi wanachama zilitakiwa kuzilazimisha kampuni za simu na intaneti kutunza kumbukumbu za mawasiliano ya wateja wote kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 2. Kumbukumbu hizo ni za nani aliwasiliana, lini na kwa anwani ipi, si maneno yaliyosemwa.

Ujerumani ilichagua miezi 6. Sheria ilianza kutumika 1 Januari 2008, na watoa huduma za intaneti walipewa hadi 1 Januari 2009 kujiandaa. Aliyekaidi aliweza kutozwa faini ya hadi euro 500,000. Gharama za mitambo ya kuhifadhi zilikuwa juu ya kampuni zenyewe.

Ndani ya sheria hiyo kilikuwepo kifungu kifupi kilichoigusa biashara ya seva za siri moja kwa moja. Kilisema kwamba mtoa huduma anayebadilisha taarifa zinazopaswa kutunzwa lazima atunze taarifa ya awali, taarifa mpya, na saa ya mabadiliko. Kubadilisha anwani ya mteja ndiyo kazi yote ya seva ya kuficha utambulisho.

Aliyekuwa katika hali ngumu zaidi ni mradi wa AN.ON. Ulianzishwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, Chuo Kikuu cha Regensburg na ofisi ya kulinda taarifa binafsi ya jimbo la Schleswig-Holstein. Baadaye kampuni ya JonDos ilichukua mfumo huo na kuanza kuuza huduma ya kulipia kwa jina la JonDonym.

Mradi huo ulikwisha kuonja misukosuko. Mwaka 2003 polisi wa upelelezi wa shirikisho walipata amri ya kuutaka uandike wanaotembelea tovuti moja iliyotajwa. Waendeshaji waliongeza kipengele cha kuandika ndani ya programu. Kwa kuwa maandishi ya programu hiyo yalikuwa wazi kwa kila mtu, watumiaji walikigundua. Mahakama ya Frankfurt baadaye iliitengua amri hiyo.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa. Amri ya 2003 ilihusu tovuti moja na uchunguzi mmoja. Sheria ya 2008 ilihusu wateja wote, kila siku, kabla ya kosa lolote kutendeka.

DAFTARI LILIANDIKA NINI

Wengi walidhani kwamba kuanzia 2009 seva za Ujerumani zingekuwa na orodha ya kila mteja na kila tovuti aliyofungua. Sivyo ilivyokuwa. Sheria hiyo hiyo ilikataza kutunza yaliyomo kwenye mawasiliano na kurasa zilizotembelewa.

Kilichotakiwa ni kuweza kujibu swali moja: anwani hii ya seva, saa hii na dakika hii, ilikuwa inamtumikia nani?

Katika VPN ya kampuni moja jibu ni rahisi, kwani daftari moja linatosha. Hata hapo, wateja wengi wakitumia anwani moja kwa wakati mmoja, jibu huwa ni orodha ya watu na si mtu mmoja.

Katika mnyororo mambo ni magumu zaidi. Mpelelezi huanza na kituo cha mwisho, ambacho humwelekeza kwenye kituo kilichotangulia, na hivyo hivyo hadi cha kwanza. Kila kituo kina mwendeshaji wake. Daftari moja likikosekana, njia inakatika.

Hapo ndipo mipaka ya nchi ilipokuwa mtaji. Mnyororo uliokuwa na vituo vya Ujerumani peke yake ungeweza kufuatwa wote. Mnyororo wenye kituo katika nchi isiyo na amri hiyo ulibaki na pengo. Mteja makini hakuuliza tena huduma ina kasi gani, bali vituo vyake viko nchi gani na chini ya sheria zipi.

Kuhusu watu wa kujitolea wa Tor, wanasheria walibishana kama mtu anayeendesha kituo kimoja bila malipo nyumbani kwake ni mtoa huduma za mawasiliano au la. Mtu wa namna hiyo hana mwanasheria wala fedha za faini. Kwake yeye mabishano pekee yanatosha kumfanya aizime seva.

MAHAKAMA YASEMA

Watu zaidi ya 34,000 waliipeleka sheria hiyo mbele ya Mahakama ya Katiba ya Ujerumani mjini Karlsruhe. Tarehe 2 Machi 2010 mahakama ilivifuta vifungu vya kuhifadhi na kuamuru kumbukumbu zote zilizokwisha kukusanywa zifutwe mara moja.

Kwa mwekezaji, sababu za hukumu zina uzito kuliko hukumu yenyewe. Miongoni mwa waliolalamika alikuwemo mwendeshaji wa huduma ya kuficha utambulisho, aliyedai kwamba sheria inamnyima haki ya kufanya kazi yake.

Mahakama haikukubaliana naye katika hilo. Ilisema biashara yake haikufanywa kuwa haiwezekani. Bado angeweza kuwaficha wateja wake dhidi ya watu binafsi na kampuni. Kilichoondolewa ni siri dhidi ya vyombo vya dola pale sheria inaporuhusu mtu atambuliwe.

Sheria ilianguka kwa sababu ya haki ya wananchi wote ya usiri wa mawasiliano, na kwa sababu ulinzi wa kumbukumbu na masharti ya kuzitumia havikutosha. Haikuanguka ili kumwokoa mwenye seva. Aidha, mahakama haikusema kwamba kuhifadhi kumbukumbu ni haramu kwa namna yoyote ile. Mlango uliachwa wazi.

Tarehe 8 Aprili 2014 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ililifuta agizo la 2006 lenyewe. Desemba 2016 iliongeza kwamba nchi mwanachama haiwezi kuagiza kumbukumbu za watu wote zitunzwe bila kubagua. Ujerumani ilijaribu tena kwa sheria ya 2015 iliyotaka wiki 10, lakini utekelezaji wake ulisimamishwa Juni 2017, na Septemba 2022 mahakama ya Ulaya iliikataa nayo.

Hata hivyo upepo umeanza kugeuka. Aprili 2024 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba anwani za intaneti pekee zinaweza kutunzwa kwa masharti. Vyama vilivyounda serikali ya Ujerumani mwaka 2025 vilikubaliana kurudisha wajibu wa kutunza anwani hizo kwa miezi 3.

INDIA: KAMPUNI ZAFUNGASHA

Kama Ujerumani ilionyesha jinsi mahakama inavyoweza kuokoa soko, India ilionyesha jinsi kampuni zinavyoweza kulihama.

Tarehe 28 Aprili 2022 idara ya India inayoshughulikia dharura za kompyuta ilitoa maelekezo kwa kampuni za VPN na za kukodisha seva. Zilitakiwa kuandika majina ya wateja, anwani zao, namba za simu, anwani za intaneti walizopewa na sababu ya kutumia huduma. Kumbukumbu hizo zitunzwe miaka 5, hata baada ya mteja kuondoka.

ExpressVPN ilitangaza Juni 2022 kwamba inaondoa seva zake nchini humo. Surfshark na NordVPN zilifuata, na Proton VPN nayo ikaondoka kabla ya maelekezo kuanza kutumika Septemba 25 mwaka huo.

Kampuni hizo hazikuwaacha wateja wote. ExpressVPN iliendelea kutoa anwani zinazoonekana ni za India, huku mashine zenyewe zikiwa Singapore na Uingereza. Duka lilihama, lakini kibao cha barabarani kikabaki.

Kwa kampuni kubwa gharama ya kuhama inabebeka. Kwa kampuni ndogo ya ndani ya India, yenye ofisi, wafanyakazi na leseni hapo hapo, mlango wa kuhama haupo. Sheria ya namna hii huwaondoa wadogo wa ndani kwanza na kuwaachia soko wakubwa wa nje.

FEDHA ZILIZOMO

Si fedha ndogo zinazozungumzwa. Septemba 2021 kampuni ya Kape Technologies, iliyokuwa ikiuza hisa zake katika soko dogo la London la AIM, ilitangaza kuinunua ExpressVPN kwa dola milioni 936. Mwaka 2023 mwenye hisa nyingi aliichukua Kape yote na kuiondoa sokoni.

Aprili 2022, mwezi ule ule wa maelekezo ya India, wenye NordVPN walipata dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji, kwa thamani ya kampuni ya dola bilioni 1.6. Mwaka 2023 thamani hiyo ilipanda hadi dola bilioni 3.

Thamani hizo zimesimama juu ya ahadi moja, kwamba kampuni haitunzi kumbukumbu. Ahadi hiyo haionekani kwa macho. Ndiyo maana kampuni kadhaa huajiri wakaguzi wa nje kuithibitisha, na nyingine zimeondoa diski kwenye seva ili umeme ukizimwa kila kitu kifutike.

Ushahidi mzuri zaidi hupatikana polisi wanapobisha hodi. Tarehe 18 Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika na hati ya upekuzi katika ofisi za Mullvad mjini Gothenburg. Walielezwa kwamba taarifa za wateja wanazozitafuta hazipo, wakaondoka bila kuchukua kitu. Kampuni hiyo hutoza euro 5 kwa mwezi, na hupokea hata fedha taslimu ndani ya bahasha ili isimjue mlipaji.

Mfano wa upande wa pili ni wa 2011. Kampuni moja ya Uingereza ya huduma hizi ilipewa amri ya mahakama katika uchunguzi wa wavamizi wa kompyuta. Ilikuwa na kumbukumbu za saa ambazo wateja waliingia na kutoka, ikazitoa. Kumbukumbu hizo zilitajwa kwenye masharti ya huduma, lakini wateja wengi hawakuwa wamesoma zaidi ya tangazo.

HALI YA NYUMBANI

Tanzania imefuata njia tofauti kidogo, ya kumwangalia mtumiaji badala ya seva. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zao kwa mamlaka, pamoja na anwani ya intaneti, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Tangazo lilikumbusha adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Mfanyabiashara wa hapa anayetumia huduma hiyo kwa shughuli halali, kama kuunganisha tawi na makao makuu, anapaswa kwanza kujua msimamo wa sheria uliopo. Seva iliyoko Sweden haimwondoi mteja wake chini ya sheria za Tanzania.

LA KUANGALIA KABLA YA KUTOA FEDHA

Mteja na mwekezaji wanaweza kutumia maswali yale yale. La kwanza, kampuni imesajiliwa nchi gani, na seva zake ziko wapi? Majibu hayo mawili mara nyingi hayafanani, na kila moja huja na sheria zake.

La pili, kinaandikwa nini? Maneno "hatutunzi kumbukumbu" hayatoshi. Saa za kuingia, anwani ya kwanza, barua pepe na risiti ya malipo ni kumbukumbu pia. Aliyelipa kwa kadi ya benki amekwisha kuandika jina lake.

La tatu, ahadi imewahi kujaribiwa? Kampuni iliyopekuliwa ikakutwa mikono mitupu ina cheti ambacho matangazo hayawezi kukinunua.

La nne, kama ni huduma ya bure, nani analipa? Huduma ya Onavo, ambayo Facebook iliinunua mwaka 2013 na kuifunga mwaka 2019, ilitolewa bure kwa watumiaji huku ikikusanya takwimu za jinsi walivyotumia programu za washindani wa mwenye mali.

La tano ni la mwekezaji peke yake. Sehemu gani ya mapato inatoka katika nchi ambayo sheria inaweza kubadilika kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa? Maelekezo ya India yalitoka Aprili, na kabla ya mwaka kwisha seva za wakubwa zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Ikumbukwe pia kwamba hakuna seva inayomficha mtu anayejitaja mwenyewe. Anayeingia kwenye akaunti yake ya benki kwa jina na namba ya siri anajulikana na benki hiyo, awe amepita kituo 1 au 3.

Katika biashara nyingine mwekezaji hudai kuona vitabu vimejaa na vimepangwa vizuri. Katika hii vitabu vya fedha vinatakiwa kujaa kama kawaida, lakini kitabu cha nyendo za wateja kinatakiwa kiwe kitupu. Siku serikali inapoamuru kijazwe, mwenye hisa anapaswa kujua kwamba anachokimiliki kimebadilika, bila kusubiri bei ya hisa imwambie.